Kiti cha Mama Kisicho na Msumari

Jumatano, 2 Julai

Mama anahama Kamina. Hatimaye! Amepiga simu asubuhi, sauti ikikatika-katika kama kawaida. Nyumba ya kambi ya reli imekuwa kubwa mno kwake. Magoti yanalalamika. Majirani wa zamani wamekufa au wamehamia kwa watoto wao. Atakuja Lubumbashi kuishi na mmoja wetu, na atafika Jumamosi ya wiki ijayo. Siku ya kwanza atashinda kwa mdogo wangu Anselme, siku ya pili atakula kwangu, kisha atachagua.

Nimemuuliza atachagua kwa kigezo gani. Amejibu kwamba mgongo wake ndio utakaomwambia. Pale utakapopata pa kukaa vizuri, pale atabaki.

Nimelitafakari jibu hilo kutwa nzima. Nilifundisha mantiki chuo kikuu mpaka nilipostaafu, na mazoea hayaachi mtu. Kigezo ni mgongo. Mgongo huhukumu kiti. Kwa hiyo mwenye kiti bora atampata Mama. Sioni kasoro yoyote katika hoja hii. Hilo lenyewe linanitia shaka, maana sijawahi kutoa hoja isiyo na kasoro.

Nyumba yangu hapa Kampemba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Watoto wangu wako mbali, hupiga simu wakikumbuka. Bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja haisongeki vizuri. Huwa ama uji ama jiwe. Namtaka Mama. Nimeliandika, basi.

Kikwazo: wifi yangu Kahambu, mke wa Anselme. Mzaliwa wa Butembo, mwenye depo ya maharage na samaki katikati ya mji, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akishindwa jambo. Nasikia tayari ameagiza kiti cha ngozi kinacholala nyuma mtu akibonyeza kitufe. Kinabonyezwa!

Mimi sitanunua. Nitatengeneza kwa mikono yangu. Kama kile cha Baba.

Alhamisi, 3 Julai

Kiti cha Baba. Nakiona kama nimekiacha jana.

Baba alikuwa mkuu wa treni. Alikitengeneza kwa mbao za sakafu ya behewa lililoanguka karibu na Bukama: mulombwa, mti mwekundu, mgumu, usiojua mchwa ni nini. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Gundi tupu! Ile gundi ya ngozi iliyochemka ndani ya kopo juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na kunuka mpaka barabarani. Kisha mimi na Anselme tulikalishwa juu ya kiti alasiri nzima, tusitikisike, ili uzito wetu ubane viungo mpaka gundi ikauke. Baba alikaa pembeni, macho nusu yamefumba, akitutajia stesheni taratibu. Kamina. Bukama. Luena. Lubudi. Tenke. Likasi. Lubumbashi. Aliyetikisika alirudishwa Kamina, akaanza safari upya. Mwanga wa alasiri uliingia kupitia ukuta wa matofali ya matundu na kuchora vipande vya dhahabu kwenye magoti yetu.

Je, ukuta ule ulikuwa na matundu? Kumbukumbu hii ni safi sana. Huenda nimeifua mara nyingi mno.

Mchana nimekwenda kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu. Muuzaji alikuwa na mbao za behewa lililokatwa vipande. Mulombwa halisi! Nilizinusa. Mawese! Behewa hilo lilibeba mapipa ya mafuta ya mawese kutoka kaskazini, na sakafu ilikunywa kila kilichovuja. Ndivyo kilivyonuka kiti cha Baba. Ndivyo alivyonuka Baba mwenyewe aliporudi safari. Nilisimama pale nimekumbatia ubao kama mtu aliyekutana na ndugu kituoni. Muuzaji aliniuliza kama najisikia kizunguzungu.

Nikachagua zile zilizonuka zaidi.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeomba meza ya kazi na randa kwa jirani yangu Rigobert, seremala. Yeye hutengeneza milango, viti na masanduku ya maiti, na hujisifu kwa vyote kwa sauti ile ile. Vyote hutikisika, isipokuwa masanduku, ambayo hakuna aliyerudi kuyalalamikia.

Rigobert amepitisha kidole juu ya ubao wangu. Amekilamba kidole. Akatangaza mbele ya wateja wake: "Mama Prof, hii haiko mbao. Hii iko chakula."

Amenishauri nitie misumari. Kwa maelezo yake, kole (ndivyo tunavyoiita gundi hapa, hata sisi tuliosoma) haipatani na mafuta, lakini "musumari haiulizake mbao ilikula nini." Nimemweleza kwamba baba yangu hakutumia msumari. Ameuliza kama niliwahi kukitazama kiti hicho kwa chini. Nimemjibu kwamba nilikitazama kwa macho ya mtoto, ambayo yako karibu zaidi na sehemu ya chini. Amerudi kwenye misumari yake. Ushindi, ingawa wa aina ile ninayoishuku.

Nimekata. Nimepiga randa mpaka mabega yakafa ganzi. Mpango: mbao mbili za kukalia zishikane moja juu ya nyingine, ziwe nene, kisha nichimbe bonde la makalio. Miguu minne, mikono miwili, mgongo uliopinda kidogo. Tatizo ni kubana. Rigobert ana vibanio viwili tu, na vyote viwili vimeshikilia geti lake.

Baba alikuwa na watoto wa kukalisha juu. Mimi nina nani?

Nimepata! Jumapili hii jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa wetu, shirika, inatafuta nyumba ya kusalia. Nimetuma ujumbe kuwakaribisha kwangu. Wamefurahi mno. Wamesema nilikuwa nimepoa siku hizi.

Jumapili, 6 Julai

Niandike kwa utulivu.

Kabla hawajafika nilipaka kole kwa ukarimu, nikalaza ubao juu ya ubao, nikaziweka juu ya matofali, nikatandika kitenge. Benchi! Walipoingia niliwapanga akina mama kwa uzito, jambo linalohitaji busara kubwa. Katikati nilimweka Mama Princesse, rais wa shirika, ambaye Mungu amembariki kwa kila upande. Nilimwambia ni mahali pa heshima. Alikubali bila kushangaa.

Tulisali rozari. Tulipomaliza, niliomba tusali litania. Tulipomaliza litania, niliomba tuwaombee wagonjwa, mmoja mmoja, kwa majina. Kisha wasafiri. Kisha wanaokusudia kusafiri. Mama Princesse alinitazama, akaniuliza polepole kama leo Roho Mtakatifu amenishukia ama nimegombana na mtu. Nilimjibu kwamba nina nia maalumu. Si uongo.

Ikafika baraka ya mwisho. Wote wakasimama.

Mama Princesse alisimama pamoja na ubao wa juu.

Kole ilikuwa imebanwa nje kandokando, ikapanda kupitia kitenge changu, ikaingia kitenge chake, kile cha sikukuu. Ilimshika yeye, ikamshika jirani yake upande wa kushoto, ikaishika na rozari ya jirani huyo. Ila ubao haukuushika ubao. Hata kidogo! Ulibanduka kama chapati kwenye kikaango kilichopakwa mafuta.

"Dorcelle!" alipiga kelele. "Weye unaniweka kole? Miye niko presidente, siko kiraka!"

Mmoja wao alianzisha wimbo wa shukrani, sijui kwa nia gani. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini, ila si kwenye benchi. Tulikata kitenge kwa mkasi. Nimempa Mama Princesse kitenge changu kipya, kile nilichokitunza kwa ajili ya kumpokea Mama. Ameondoka bila kunywa chai.

Hitimisho la muda: kole haikushindwa kushika. Ilishindwa kuchagua.

Jumatatu, 7 Julai

Mtaa wote unajua. Rigobert ameniamkia "Mama Kole", na watu wawili waliokuwa wakipita wakaitikia kwa niaba yangu.

Nimekubali hoja ya mafuta. Si kwamba Rigobert alikuwa sahihi. Alikisia, na kukisia si kujua. Nimeazima pipa, nimelijaza maji, nimetia majivu na sabuni, nimezichemsha mbao kama mihogo. Baada ya muda mafuta yakaanza kuelea juu, mekundu, yakizunguka polepole. Harufu ikajaa uwanja, ikaruka ukuta. Mama mmoja wa nyumba ya nyuma alichungulia kuuliza kama kuna sherehe na kama aje na sahani.

Nilikuwa nikiyaondoa yale mafuta kwa kijiko na kuyamwaga mtaroni, na ghafla sikuweza kuendelea. Namwaga nini? Namwaga mlango wetu wa Kamina saa ya jioni, Baba akivua koti, Mama akiuliza treni ilichelewa wapi. Kila ubao uliotoka pipani ulikuwa safi, mweupe-mwekundu, na haukuwa wa mtu yeyote.

Basi nimebakiza. Mguu mmoja wa mbele na mkono wa kulia sikuvichemsha. Mama atakapoegemea, mkono utakuwa karibu na pua yake. Atanusa. Atajua yuko nyumbani.

Nimejiuliza kama huu ni udhaifu wa ujenzi. Nimejibu kwamba kiti kina miguu mingine mitatu.

Alhamisi, 10 Julai

Kinaonekana kama kiti!

Mbao zilizochemshwa zimeshikana. Nimezibana kwa vipande vya mipira ya baiskeli, nimevivuta na kufunga mafundo, na juu nimepanga tasnifu za wanafunzi wangu wa zamani. Kwa mara ya kwanza zimetoa hoja yenye uzito. Kisha tupa, kisha msasa. Bonde la kukalia limetoka laini kama ndani ya kibuyu. Nimelijaribu kwa mkono, kwa shavu, na mwisho, baada ya kufunga geti, kwa namna inayostahili.

Kahambu amekuja bila taarifa. Upelelezi! Ameleta samaki wakavu waliofika depo yake kutoka Kilwa, wazuri, wanono, nami nimewapokea kwa uso wa mtu asiyehongeka. Ameketi juu ya beseni lililogeuzwa. Amepitisha kiganja chake kwenye kiti.

"Yaya Dorcelle, hii umefanya mwenyewe? Iko muzuri sana." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Akaongeza kuuliza kama kole inakauka kweli na baridi hii ya Julai.

Nimesema inakauka. Mguu mmoja wa mbele, nilipougusa jana, uliitikia kwa kuzunguka. Hilo sikumwambia.

Kisha yeye mwenyewe, bila kushurutishwa, amenisimulia kuhusu kiti chake. Umeme ulikatika Anselme akiwa amelala nyuma kabisa. Hakikurudi. Ilibidi alishwe bukari akiwa chali kama mgonjwa. Kahambu alicheka akasema kwamba huenda Mama atapenda tu kukaa jikoni na watu.

Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa nimeshatandika kitanda cha Mama.

Lakini ni mwema, Kahambu. Huwa nasahau kuliandika hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Mama amefika! Mdogo kuliko nilivyomwacha. Basi lilimshusha mjini, karibu na depo, Kahambu akampokea. Nilifika nikiwa nimechelewa kwa sababu ya msasa. Nikamkuta Mama, mjane wa mkuu wa treni, ameketishwa juu ya gunia la maharage! Lori lilikuwa likishusha mizigo, wapakuzi wakipiga kelele, wateja wakimpitia Mama mbele ya pua. Nilishtuka. Nilimwomba aje kwangu hapo hapo apumzike. Alikataa kwa mkono, bila kuniangalia, kwa kuwa alikuwa akimuuliza dereva barabara ikoje.

Alibaki pale mpaka depo ikafungwa. Kahambu hata hakumletea mto.

Nimeandika hili kwa huzuni na, kusema kweli, kwa matumaini. Mgongo wa miaka themanini juu ya gunia! Kesho utakuja kwangu ukiwa na kiu.

Jumapili, 13 Julai

Wamekuja wote watatu baada ya misa. Mezani kulikuwa na bukari, sombe la majani ya mihogo na wale samaki wa Kilwa. Kiti kilikuwa sebuleni, kimefunikwa shuka jeupe. Anselme aliuliza nani amekufa.

Nilivuta shuka. Nilisema, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi, kwamba ni kile kile cha Baba: mulombwa wa behewa, kole tupu, bila msumari.

Mama alikizunguka kiti polepole. "Kiti gani ya baba yenu?"

Nilimkumbusha.

"Ile?" akasema. "Dorcelle, mutoto yangu, ile ilikuwa misumari tupu! Ilinipasulia bitenge. Nilikuwa naiitaka jina Paka, juu ya makucha."

Nikasema kwa upole kwamba huenda anakichanganya na kingine. Nikamtajia kopo la gundi, alasiri, sisi wawili juu ya kiti mpaka kole ikauke. Mama alianza kutikisika. Nilidhani analia.

"Kole ya wapi? Ile kiti ilikuwa imeshakauka zamani! Baba yenu alikuwa anatoka safari ya usiku, anatafuta kulala. Minasema, Ézéchiel, batoto wanapiga makelele. Anawaikalisha pale, anaanza: Kamina, Bukama… Mukinyamaza, yeye analala. Hakufikaka hata Tenke."

Anselme alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilisimama na shuka mkononi. Nilikuwa nimebeba alasiri ile maisha yangu yote kama somo la uvumilivu, hata niliwahi kuitumia darasani. Sasa nawaza: mtu mmoja mchovu alitaka kulala, na sisi tukafurahi hivyo. Sijui kama kumbukumbu imepungua au imeongezeka. Sitaamua leo.

Kisha Mama akakaa. Alijishusha kwenye lile bonde, akaegemea, akaweka mikono mahali pake. Kiti kilimpokea. Alifumba macho. Pua yake iligeuka kidogo kulia, kuelekea ule mkono, na uso wake ukabadilika. "Mawese," alisema. "Inanuka safari."

Nilishinda. Kwa muda wa pumzi kama tano hivi, nilishinda kabisa.

Mguu wa mbele ukatoka. Haukuvunjika, ulitoka tu, kama mtu anayeomba ruhusa. Kiti kikainama. Mkono wa kulia ukafuata, Mama bado ameushika. Kisha kila kilichobaki kikafikiria upya msimamo wake, na Mama akashuka hatua kwa hatua, bila haraka, mpaka akafika kwenye mkeka akiwa wima, miguu imenyooka mbele, mkono wa kiti kwenye kifua chake.

Kahambu alikuwa wa kwanza kumfikia Mama. Mimi nilikuwa wa kwanza kukifikia kiti. Nimejaribu kuiandika sentensi hii kwa namna nyingine.

Hakuumia. Alikuwa akicheka bila sauti, machozi yakimtoka, na alipopata pumzi aliuliza: "Tumefika stesheni gani hapa?"

Alikataa kuinuliwa. Alikula pale pale mkekani, akasema samaki ni wazuri. Na baada ya kunawa alitangaza. Atakaa kwa Kahambu.

Nilimuuliza kuhusu mgongo. Sauti yangu haikuwa ya darasani. Akanipigapiga goti, akaeleza kwamba mgongo wake ulisema jana, juu ya lile gunia. Magari yanaingia, watu wanashuka, kila mmoja ana habari za njia. "Inafanana na gare ya Kamina. Miaka yote miye nilikuwa nangojea treni, njo nilizoea. Kwako kuko kimya, mutoto yangu. Ni kimya ya muzuri, ya mutu ya bitabu. Lakini miye nitaingojea nini humu?"

Atakuja Jumapili.

Wameondoka kabla ya giza. Nimeosha vyombo. Bukari imebaki nyingi, na kwa mara ya kwanza mwaka huu ilikuwa imesongeka vizuri.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamka nikiwa mtulivu, na nimeupitia ushahidi upya kama inavyompasa mtu aliyesoma.

Kosa lilikuwa wapi? Si kwenye kole; ilipokutana na ubao safi ilishika. Si kwenye harufu; Mama aliitambua mara moja, niliona uso wake. Nimekuwa mkali na nafsi yangu, na nadhani nimelipata. Kosa lilikuwa kiti! Mtu haishi mahali anapokaa. Ndiyo maana anaweza kukaa kwenye gunia na kufurahi. Mtu huishi mahali anapolala. Nilikosea aina ya kitu, kosa ambalo nililikata kwa wino mwekundu katika kazi za vijana kwa miaka yote ile.

Kitanda, basi. Mulombwa. Mbao ndefu bado ziko kwenye uwanja wa vyuma, nimepita asubuhi kuomba niwekewe. Zile za chini kabisa zinanuka kuliko zote. Nitachemsha nyingi. Upande wa kichwa sitauchemsha. Rigobert ameuliza kama safari hii nitatia misumari, nikamwambia asinivunjie heshima.

Ili nianze kukata nilihitaji kipimo kimoja tu. Nimempigia Mama simu depo. Nyuma yake lori lilikuwa likinguruma na watu wakiitana. Nimemwomba anitajie urefu wake kamili, akiwa amelala chali, kutoka utosini hadi visiginoni, na upana wa mabega. Ameuliza ni wa nini. Nimesema asiwe na wasiwasi, ni kitu ninachomtengenezea kwa mbao nzuri sana, na kwamba Rigobert atanisaidia kufunga kingo.

Hapo hapo amempa Kahambu simu.

Nadhani ameguswa.